Choya haitaki ndoo, inataka Desemba

Nani alianzisha maneno ya "choya panda wakati wowote, muhimu maji"? Choya, au rozela, ni ule mmea wa juisi nyekundu. Nilipanda Juni hapa Mtwara, nikamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kununua. Ikafika magotini, ikachanua. Miche 12, mavuno hayakujaa bakuli! Choya inafuata urefu wa mchana: Juni mchana wetu haufiki saa 12, basi mche unakimbilia kuzaa kabla haujatoa matawi. Ukipanda Desemba, mvua zikishashika, unapata muda wa kujijenga. Inapoanza kuchanua Aprili, imenipita kimo.

Mita moja shimo hadi shimo, mbegu 3, baadaye nabakiza mche mmoja. Samadi ya mbuzi debe moja kwa mashimo manne. Ukizidisha utakula majani tu. Usiipande palipokuwa na bamia. Hao ni ndugu, na minyoo ya mizizi iliyobaki pale inawala wote: ng'oa mche uliodumaa uone mizizi yenye vinundu kama shanga. Penye maji yanayotuama shina huoza chini, mche ukanyauka huku udongo umelowa.

Vuna wiki tatu hivi baada ya ua kufunga, choya yenyewe, yaani ganda jekundu linalofunika tunda, ikiwa nene na kikonyo kinavunjika kwa vidole. Ukihitaji kisu, umechelewa.

Kazi inayochosha watu ni kutoa kitumba cha mbegu kilichomo ndani ya choya. Wengi wanachana kwa kucha, choya zinatoka vipande vipande. Mimi natumia bomba la antena ya zamani ya televisheni, kipande cha shibiri moja, mdomo umenolewa kwa tupa. Sukuma kutokea kikonyoni, zungusha kidogo, kitumba kinachomoka mbele kizima, choya inabaki na umbo lake. Siri ni upana. Bomba jembamba linatoboa kitumba, mbegu zinamwagikia ndani. Pana linapasua choya. Nilikata vipande vitatu ndipo nikapata kinachokaa sawa, na sikiazimishi.

Anika kivulini, kwenye mkeka. Jua kali linaipausha. Na kama jirani ana mikorosho, usizembee. Kuanzia Juni wanapuliza salfa, dawa ya unga ya ukungu wa mikorosho, vumbi linafuata upepo na kujificha kwenye mikunjo ya choya. Juisi yake inanuka kiberiti hata uweke sukari kilo.