Sarafu isiyo na jina la mwenye duka

Wiki tatu nilitembea nayo kwenye mfuko wa koti kabla sijajua ni ya nani. Niliipata hapa Leicester, jumamosi, kwenye meza ya jamaa anayeuza vitu vya zamani, imechanganywa na vifungo vya jeshi na hela za Kifaransa, na kilichonishika sio shaba wala ukubwa wake (ni kubwa hasa, sentimita tatu na nusu hivi kutoka ukingo mpaka ukingo), ni maandishi. Upande mzima ni Kiarabu. Mtu umekulia Tanga, umekaa chuoni mbele ya maalim miaka na miaka, ukikuta Kiarabu kwenye sarafu katikati ya Uingereza lazima usimame.

Upande wa pili kuna watu wawili, mzungu na mwafrika, wameshikana mikono. Nyuma yao vibanda, na watu wadogo wadogo wanacheza kuuzunguka mti, hao mpaka uisogeze karibu na taa ndo unawaona. Kwa Kiingereza imeandikwa sisi sote ni ndugu, na kwamba biashara ya watumwa imefutwa na Uingereza 1807. Yangu imelika, uso wa yule mwafrika umeisha kabisa umebaki shaba tupu, ila ile mikono imetokeza vizuri tu, ukipitisha kidole unaisikia.

Nikampigia picha ami yangu aliyeko Tanga, nikamtumia kwa wasap. Shikamoo ami, hebu nisomee hii. Marahaba mwanangu, akasema ngoja avae miwani. Baadae ikaingia voisi: inasema kuuza watumwa kumekatazwa mwaka 1807 wa Masihi, enzi za mfalme George wa tatu, na hakika sote ni ndugu. "Hilo la mwisho si umelisoma kwenye Kurani, sura ya Hujurat wewe, innamal muuminuna ikhwa, hakika waumini ni ndugu. Huyu aliyeandikisha alijua anaongea na watu gani." Alafu akauliza, sasa mwenyewe nani?

Jina hakuna, si mbele si nyuma. Zamani wenye maduka walikuwa wanachapisha sarafu zao wenyewe pale chenji ya serikali ilipokuwa haitoshi, na wengi walihakikisha jina la duka linasomeka maana ndo tangazo lenyewe, huyu hakuweka. Kumbe wanaozikusanya wanaijua vizuri, wanaiita sarafu ya Macaulay na Babington, kampuni iliyokuwa ikifanya biashara Freetown, Sierra Leone, ilichapwa mnamo 1814 hivi itumike kama peni kule, na Kiarabu kiliwekwa kwa sababu ya waislamu waliokuwa wakishuka toka bara na bidhaa zao mpaka pwani.

Nikaanza na Macaulay. Zachary Macaulay, kazaliwa 1768 Inveraray, Scotland, mtoto wa mchungaji, nyumba imejaa watoto hela hakuna. Akiwa na miaka 16 akapelekwa Jamaica kutafuta maisha kwenye shamba la miwa, akaanza ukarani akapanda mpaka unyapara. Hapo niliiweka simu chini. Yaani mtu wa "sisi sote ni ndugu" alianza maisha kwa kusimamia watumwa shambani, na mwenyewe aliandika baadae kwamba alizoea, moyo ulishakuwa mgumu, mijeledi ikilia yeye anaendelea na kazi. Niliichukia ile sarafu siku mbili nzima, sikutaka hata kuiona.

Kilichonirudisha ni Babington. Nilikuwa nadhani ni mbia tu, mtu na mwenzake wa biashara. Sio, ni shemeji! Zachary alikuwa na dada, Jean. Mwaka 1787 Jean akaolewa na Thomas Babington, tajiri wa Leicestershire mwenye nyumba kubwa inaitwa Rothley Temple, na Rothley ni kijiji hapo juu tu ukitoka Leicester kwenda Loughborough, mi nimepita njia ile mara ngapi sijui. Zachary aliporudi toka Jamaica 1789, kijana wa miaka 21 hana kazi, alifikia hapo hapo kwa dada yake. Thomas na rafiki zake, akina William Wilberforce, walikuwa ndo wako kwenye vita ya kupinga biashara ya watumwa, na nyapara amekaa meza moja nao anakula nao anasikiliza. Akabadilika. Shemeji akamuunganisha na mambo ya Sierra Leone, koloni la watumwa walioachwa huru, na kufika 1794 ndiye gavana wa huko, mwaka ule ule meli za Ufaransa zikaja zikaipora Freetown.

Na kuna hili ambalo sijaacha kulifikiria: 1795 alipopata likizo alipanda kwa makusudi meli iliyobeba watumwa kwenda Barbados, aone kwa macho yake kinachofanyika humo ndani, akawa anaandika anayoyaona kwa herufi za Kigiriki ili mabaharia wasijue.

Biashara yenyewe ilianza baadae akiwa amesharudi Uingereza, na Babington wa kwenye jina la kampuni si shemeji bali mpwa, Thomas Gisborne Babington, mtoto wa Jean. Kwa hiyo ni duka la mjomba na mpwa. Walitengeneza hela nzuri na walilaumiwa sana, watu walisema mnapigania uhuru huku mnavuna kutokana na koloni lile lile. Lawama hizo mi sizipuuzi, ukiwa ndo unauza bidhaa Freetown alafu una masikio ya wakubwa London lazima uulizwe. Ila ukweli ni kwamba miaka ya 1820 Zachary alimwachia mpwa wake uendeshaji, yeye akazama kwenye kampeni na kuhariri gazeti la kupinga utumwa, na kampuni ikaanguka, mali yote ikayeyuka.

Madeni yakamwangukia mtoto wake wa kwanza, Thomas Babington Macaulay, aliyezaliwa 1800 kwenye nyumba ile ile ya shangazi yake. Huyo ndo yule mwanahistoria maarufu. Aliuza mpaka medali zake za dhahabu za chuo, na 1834 akakubali kazi India kwa sababu mshahara ulikuwa mkubwa wa kuokoa familia. Huko ndo akaongoza kuandika rasimu ya sheria ya makosa ya jinai ya India, ikapitishwa 1860, na Waingereza walipochukua Tanganyika wakaileta sheria hiyo hiyo, ikatumika kwetu mpaka 1930. Ami alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote. Nilipomwambia alinyamaza kidogo akasema, babu yako aliwahi kufungwa kwa sheria hiyo.

Lazima niseme na hili kama mtu wa pwani. Hiyo 1807 kwenye shaba ilikuwa ni kuacha kununua na kusafirisha tu, waliokuwa watumwa tayari kwenye makoloni waliendelea kuwa watumwa, na kwetu huku soko la Zanzibar lilikuja kufungwa 1873. Zachary mwenyewe alikufa Mei 1838, na watu wa Jamaica walipata uhuru kamili tarehe 1 Agosti mwaka huo huo, hajaiona.

Jumapili iliyopita nikapanda basi kwenda Rothley. Nyumba ipo, siku hizi ni hoteli, nikasimama nje kwenye bustani na sarafu mkononi, mvua ile ya rasharasha, nikampigia ami kwa video nikamzungushia simu aione yote. Akaniuliza, "na huyo dada mtu umesema anaitwa nani?" Jean. "Yeye kaandikwa wapi?" Nikamwambia kwenye sarafu hayumo, kwenye jina la kampuni kuna ukoo wa kaka yake na ukoo wa mumewe. Akasema basi mwandike wewe.

Sarafu naiweka kwenye bahasha ndogo ya kaki. Nimeandika juu kwa kalamu: Jean Macaulay, mke wa Babington, Rothley.