Nywele za biharusi na deni la jenereta

Umeme ulikatika Unguja tarehe 10 Disemba 2009, ukarudi Machi 2010. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Wasiokuwepo nawaambia kwamba waya tuliokuwa tukiutegemea ulilazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni kule bara mpaka Fumba huku kwetu, na ulipoharibika kisiwa kizima kikazima. Mei 2008 tulishawahi kukaa gizani karibu mwezi mzima, kwa hivyo mwanzoni watu walikuwa wakicheka, tumezoea. Ulipoingia mwaka mpya hakuna aliyekuwa akicheka. Jamaa zetu wa Pemba, ambao wakati ule hawakuwa kwenye waya wetu bali kwenye majenereta yao ya tangu zamani, ndio waliokuwa wakitupigia simu kutupa pole, na ndani ya pole mlikuwa na utani.

Mimi nilikuwa msaidizi katika saluni moja ya Mlandege. Kazi yangu kuosha, kutia dawa, kufunga rola, kumuweka mtu chini ya draya. Kazi zote hizo zinataka umeme au maji, na maji yenyewe yalikuwa yakivutwa visimani kwa pampu za umeme. Siku moja mteja ana dawa kichwani, imeshaanza kumchonyota, tukafunua pipa tukakuta limebaki maji ya kata moja. Dawa ya kunyoosha nywele haingoji. Kile kinachovunja msokoto wa unywele ndicho hichohicho kinachounguza ngozi, na hakuna cha kukitoa ila maji mengi, tena haraka. Tulimkimbiza kwa jirani mwenye kisima, amejitanda kanga, analia, na sisi nyuma yake na ndoo. Haukupita muda mwenye saluni akapiga hesabu, akaona petroli ya jenereta inakula zaidi ya anachoingiza. Akafunga. Turudi, akasema, umeme ukirudi.

"Umeme ukirudi" ndiyo ilikuwa tarehe ya kila jambo siku zile. Madeni yatalipwa umeme ukirudi, nyumba itapigwa rangi umeme ukirudi, watu watapatana umeme ukirudi.

Nikaanza kusuka nyumbani, Jang'ombe, uani kwetu penye kivuli cha mpera. Mtaji wangu uzi mweusi wa kusukia, chanuo la meno mapana, na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mama mwenyewe, tui linachemka mpaka linatengana. Kazi ya uzi wanaijua bibi zetu: unagawa nywele mafungu, unalainisha kwa maji kidogo na mafuta, unachana kuanzia ncha kupanda juu, kamwe si kutoka kwenye shina kushuka, kisha unauzungusha uzi kutoka shinani mpaka nchani, umekaza lakini hujavuta. Analala nazo. Ukifumua, nywele za kipilipili zimenyooka na kurefuka bila moto wala dawa, na mwenyewe hushangaa kumbe alikuwa nazo zote hizo. Walionipa tabu ni waliozoea dawa. Mizizi imeota ya asili, ncha bado laini za dawa, na pale zinapokutana ndipo zinapokatikia. Niliwakata wengi, na wengi walilia, na mmoja aliondoka bila kulipa.

Watu wa bara huniuliza mpaka leo, nyinyi Wazanzibari mnahangaika na nywele za nini na mnapiga ushungi? Hawajaingia kwenye harusi zetu za ndani. Mlangoni baibui linavuliwa, mtandio unakwenda begani, na wanawake mia wanakutazama kutoka utosini mpaka kisiginoni. Hakuna mwanamme atakayekukagua namna hiyo. Ushungi wenyewe nao una mambo yake: kitambaa cha pamba kinanyonya mafuta na kuzikwangua nywele za mbele, hivyo nilikuwa nikiwashonea wateja kofia za satini za kuvaa ndani. Nazo niliziuza.

Kwa hivyo gizani mimi nilipata pesa. Nasema wazi kwa sababu wasichana hupenda kusimulia shida na kuficha kipato. Tena nilikuwa kwenye mchezo wa watu kumi, elfu thelathini kila mwezi, na zamu yangu ilikuwa mwisho wa Disemba. Kijumbe wetu, mama mmoja muuza mandazi asiyejua mzaha na pesa za watu, akanihesabia laki tatu mkononi.

Nilikuwa na mtu wangu. Posa ilikuwa haijaletwa, lakini mama yake alikuwa akinijua na mama yangu alikuwa akijifanya hamjui. Alipojua zamu yangu imetoka, akaja na wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya: aende Dar, anunue majenereta mawili, vile vidogo vya kubebwa kwa mkono, avushe kwa boti na kuviuza kabla havijaota kutu. Mji mzima ulikuwa ukitafuta majenereta. Atanirudishia mwezi wa pili, na faida ndiyo italeta posa.

Nilikubali. Aliyesimama mlangoni ni mama.

Mama alikuwa akisomesha chuoni, chuo cha Kurani, na ana namna yake ya kuingia kwenye mazungumzo bila kuitwa. "Aya ndefu kuliko zote ndani ya Msahafu ni ipi?" akamuuliza kijana wa watu. Kijana akababaika. "Ya deni," mama akasema. "Suratul Baqara, ya mia mbili na themanini na mbili. Mola anaamrisha muandikiane, mlete na mashahidi. Si sala, si saumu. Deni ndilo alilolirefusha." Akaniletea daftari la skuli la mdogo wangu, ukurasa wa nyuma. Tukaandika: laki tatu, tarehe, kurejeshwa mwisho wa Februari. Akatia sahihi. Kijumbe akaitwa kutoka kwenye karai lake la mandazi, akawa shahidi, mikono ina unga. Kijana alicheka sana. Akaniambia pembeni kwamba mapenzi hayaandikiwi. Nikamwambia haya si mapenzi, ni jenereta.

Majenereta yaliuzika. Nilisikia kwa watu, kwa sababu yeye mwenyewe alianza kupotea. Nikipiga, simu haipatikani. Nikimuona njiani, simu haikuwa na chaji. Mtu anauza majenereta hana chaji! Nilikaa na jambo hilo usiku, nikicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikaacha kupiga. Sikumfuata kwao wala sikumtuma mtu. Kumlilia nilimlilia, na hayo ni yangu.

Mfunguo Sita ukaandama, maulidi yakawa yanasomwa mitaani kwa karabai, na maharusi yaliyokuwa yakingoja umeme yakachoka kungoja. Alkhamisi moja asubuhi akaja mama mmoja mtu mzima wa Kikwajuni na msichana aliyejifunika gubigubi. Biharusi, ndoa Ijumaa baada ya Alasiri. Nilipomfunua kichwa nilifurahi kwa kweli: nywele nyingi, nzito, hazijawahi kuonja dawa. Rasta hataki, akasema, kuunga nywele dini haitaki. Anataka za kwake tupu. Nikamkalisha kwenye kibao, shangazi yake akakaa kwenye mkeka akiponda hina.

Kusuka uzi kichwa cha namna ile ni kazi ya nusu siku, na mtu aliyekupa kisogo husema mengi. Akanieleza kitanda kilichoandaliwa, mahari, pazia. Mume ni jamaa wa upande wa mama, limezungumzwa na wazee tangu mwaka juzi. Ana bidii, ameanza biashara ya majenereta kwa mtaji wake mwenyewe. Halafu akamtaja, jina lake na la babake na mtaa.

Mkono ukasimama.

"Uzi umekatika?" akauliza.

"Umekwisha. Natafuta mwengine."

Wanaonisikia nikisimulia huuliza kama sikumvuta. Nimvutie nini? Kichwa chake, deni si lake. Na kama yamezungumzwa tangu mwaka juzi, basi aliyekuwa hajui alikuwa mimi, na yeye pia. Nilimsuka kama sijawahi kumsuka mtu, mistari ya kichwani imenyooka, hakuna fungu lililozidi fungu. Nisijitie wema lakini. Nilitaka kesho yake, zitakapofumuliwa, mwanamme yule aulize nani aliyesuka.

Mchana ukaingia. Biharusi akaenda kusali ndani. Shangazi akafungua fundo la kanga.

"Tunadaiwa ngapi, mwanangu?"

"Elfu kumi na tano, shangazi. Lakini sizipokei. Nazikata kwenye deni la bwana harusi. Ilikuwa laki tatu, sasa ni laki mbili na elfu themanini na tano."

Nikamletea daftari. Alilishika mbali na macho, akalileta karibu, akamuita mama amsomee. Mama akasoma kwa sauti ya chuoni, neno kwa neno, mpaka jina la kijumbe. Wakatazamana wale watu wazima wawili. Sikujua kama nitatukanwa. Shangazi akanivuta mpaka penye mlango wa jikoni.

"Nakuuliza, na unijibu mbele ya Mungu. Ni pesa tu? Hakuna jengine analodaiwa?"

Posa iliyoahidiwa nilikuwa nayo ulimini.

"Ni pesa tu, shangazi."

"Basi pesa ndiyo nyepesi," akasema. Akaomba aazimwe ukurasa ule. Mama akakataa kuuchana, akaenda naye mwenyewe, daftari kwapani, baibui limevaliwa upande.

Walikwenda wapi sikuambiwa siku ile. Baadaye mama alinipa kwa vipande, kwa namna yake. Walikwenda kwa wazee wa bwana harusi, wakakaribishwa chai, wakanywa, wakauliza hali za watoto, ndipo daftari likawekwa juu ya meza. Shangazi akasema kwamba wao hawana neno na ndoa, ila kadhi hawezi kuambiwa kesho kwamba mahari yapo tayari ilhali kuna mwanamke mwengine anadai. Baba mtu akamuita mwanawe. Kilichosemwa hapo mama amekataa kunisimulia. Anasema kulikuwa na aibu ya kutosha, haina haja ya kugawiwa.

Ijumaa asubuhi nikaenda Kikwajuni kufumua. Niliingia nikiwa nimekaza uso, nyumba imejaa udi na wanawake. Shangazi akaniita chumba cha ndani, akafunga mlango, akahesabu juu ya godoro: noti za elfu kumi kumi, laki tatu kamili.

"Imezidi, shangazi. Ni laki mbili na themanini na tano."

"Haijazidi." Akafungua tena fundo la kanga akatoa elfu kumi na tano nyengine, akaziweka mbali na zile za kwanza. "Hizi za nywele. Binti yetu hasukwi kwa deni la mwanamme."

Nikamfumua. Uzi mmoja mmoja ukatoka, na nywele zikashuka mpaka mabegani, nyeusi, zinameta mafuta. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikazikusanya nyuma, nikazizungushia asumini, na mmoja wa wapambaji akaniuliza kama nina kadi ya kazi. Sikuwa nayo. Nikamwambia Jang'ombe, ulizia penye muuza mandazi.

Umeme ukarudi siku chache baadaye. Mwenye saluni akanitafuta, nikamuambia sirudi. Sehemu ya zile pesa nililipa kodi ya kichumba cha mbele, meza na kioo. Draya sikununua mpaka leo, na sina haja nayo.

Alipomaliza fungate yule biharusi alikuja kusuka tena, safari hii peke yake. Kama aliambiwa na shangazi yake au hakuambiwa, mimi sikuuliza na yeye hakusema. Alikaa kwenye kibao, akanipa kisogo, akanyamaza mpaka nikafika mstari wa tatu.

"Na miye nimeingia mchezo," akasema. "Zamu yangu mwezi wa tano. Yule bwana keshaanza kuniuliza."

"Eeh?"

"Lile daftari lenu mlinunua wapi?"

"Darajani," nikamwambia. "Chukua lenye jalada gumu."