Kikohozi kilipona, mkono haujapona

Juzi nilikuwa napitia hesabu za kiharusi wakati wa korona nikamkumbuka ami yangu. Madaktari walikusanya takwimu za hospitali 457 kutoka nchi 70, wakalinganisha miezi minne kabla na miezi minne ya mwanzo wa korona 2020, waliolazwa kwa kiharusi walishuka kutoka 91,373 hadi 80,894, yaani asilimia 11 na nusu hivi. Ukisoma mbio mbio utasema alhamdulillah maradhi yamepungua. Wapi! Kirusi chenyewe kinagandisha damu, viharusi ilikuwa viongezeke. Watu walikuwa majumbani tu, hasa wale wa kiharusi kidogo, mkono umekufa ganzi ukarudi, mtu anasema nimeulalia vibaya.

Wetu sie alikuwa Wete, Pemba, Ramadhani ya mwaka huohuo. Tumekaa kwenye jamvi tunafutari, ami kashika kikombe cha uji wa pilipili manga, mara kikombe kikainama taratibu uji ukammwagikia kanzu nzima nae anatutizama tu, hata hashtuki. Ami uji unakuunguza! Akajibu kitu hakuna aliekifahamu, mdomo umekwenda upande. Mkewe akasema huyu kapigwa na upepo. Khaa, mtu ana presha miaka na vidonge kaviacha tokea siku ya kwanza ya kufunga!

Mie nikasema tutafuteni gari twende hospitali. Weee, nyumba nzima ikanigeukia. Wakati ule ukimpeleka mtu hospitali watu washaanza kumlilia, watamtia karantini, akifa hatumuoshi, watamzika wao. Na ami alikuwa na kikohozi kidogo, ndo wakazidi kuogopa. Basi akasomewa Yasin, akachuliwa mafuta ya habasoda mkono wote wa kulia, akalazwa. Na mie nikanyamaza, hilo nalisema wazi.

Asubuhi mguu nao ukagoma, ndo tukaenda, tumefika saa 2 na nusu. Daktari swali lake la kwanza wala sio kikohozi: "Imeanza saa ngapi?" Tukatizamana. Jana, magharibi. Akaweka kalamu chini. Akatufahamisha kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda lakini mwisho wake masaa 4 na nusu tokea ianze, na kwanza lazima mtu apigwe CT scan, picha ya ndani ya kichwa, ijulikane mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, mana ukiwa umepasuka dawa hiyohiyo inaweza kumuua. Sie masaa 14 tushayamaliza kwa habasoda.

Kikohozi kiliondoka siku ya tatu, mafua tu. Kikombe mpaka leo anashika kwa kushoto, na anaemgombeza kila siku kuhusu vidonge na kupima presha ni mkewe, yuleyule wa upepo.