Kumbukumbu ya mradi wangu: maneno ya Scrabble yasiyo na irabu

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kuyajua maneno ya Kiingereza yanayokubalika katika Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, bila ya kuwa na A, E, I, O wala U, na kuyajua kwa kiwango cha kuyaona mara tu konsonanti zinapojaa kibaoni, yaani kwenye kishikilio cha vigae saba vya mchezaji, si cha kuyakumbuka mchezo ukiwa umekwisha. Huku Kenya mashindano hufuata orodha ya maneno ya Collins, ambayo ni pana kuliko ile inayotumika Marekani na Kanada, kwa hiyo kila neno ninalolitaja hapa nimelipima kwa orodha hiyo.

Kukusanya maneno

Hatua ya kwanza ilikuwa kutenga makundi mawili. Kundi la kwanza ni la maneno ambamo Y inafanya kazi ya irabu: MY, BY, TRY, LYNX, CRYPT, MYRRH, RHYTHM na wenzao. Mengi kati ya haya anayajua mtu yeyote aliyesoma Kiingereza shuleni, nami sikuona sababu ya kuyapa muda mwingi. Kundi la pili halina hata Y, na hilo ndilo kiini cha mradi.

Sehemu kubwa ya kundi la pili ni sauti za kinywa zilizoandikwa: HM na HMM za mtu anayewaza, MM ya mtu aliyeridhika, SH na SHH za kunyamazisha, BRR na BRRR za baridi, GRR ya hasira, PST na PSST za kumwita mtu kwa siri, PHT, PFFT na PHPHT za kudharau, na TSK ya kusikitika, ambayo inaweza kurudiwa ikawa TSKTSK. TSK hutumika pia kama kitenzi, hivyo TSKS, TSKED na TSKING zote ni halali. Katika tawi hili mzungumzaji wa Kiswahili hayuko ugenini kabisa, kwa kuwa sikio lake limezoea konsonanti inayosimama kama silabi peke yake, kama M ya «mtu» na ya «mbwa» au N ya «nchi». Tofauti ni kwamba kwetu konsonanti hiyo hufuatwa na silabi yenye irabu, ilhali katika HM na SH hakuna kinachofuata.

Tawi la pili limetoka Wales, ambako W huandikwa kama irabu yenye sauti inayokaribia U yetu. Humo mna CWM, yaani bonde la duara lililochongwa na barafu mlimani. CRWTH, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Na CWTCH, yaani kumkumbatia mtu kwa upendo, neno ambalo limo katika orodha ya Collins lakini halimo katika ile ya Marekani. CWM ilinikaa kichwani siku niliposoma juu ya bonde la Western Cwm lililo kwenye mlima Everest, ambalo lilipewa jina hilo na mpanda milima Mwingereza George Mallory mwaka 1921. Najua kwamba maana si sharti la mchezo huu: Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila ya kuzungumza Kifaransa. Hata hivyo mimi huandika maana ya kila neno, kwa sababu neno lenye picha hunirudia haraka zaidi kuliko herufi tupu.

NTH haina tawi. Ni neno la wanahisabati, la nafasi isiyotajwa kwa namba, na baadaye lilinionyesha thamani ambayo sikuitarajia.

Kuhesabu

Kabla ya kukariri nilitaka kufahamu ni mara ngapi maneno haya yatahitajika. Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyebuni mchezo huu katika miaka ya 1930 akiwa hana kazi, alikadiria idadi ya herufi kwa kuzihesabu katika magazeti. Katika seti ya Kiingereza inayotumika leo vigae ni 100: irabu 42, konsonanti 56 tukiiweka Y miongoni mwake, na vigae viwili vitupu, ambavyo vinaweza kusimama badala ya herufi yoyote. Kwa namba hizo, nafasi ya kuchota vigae saba vya kwanza bila ya irabu hata moja ni asilimia 1.9, na nafasi ya kupata irabu moja tu ni asilimia 10.6. Ukiyajumlisha mawili hayo unapata kwamba mchoto mmoja katika kila minane unakuja na irabu moja au bila irabu kabisa. Hesabu hiyo ndiyo iliyonithibitishia kwamba maneno haya si mapambo ya mchezo, kwa maana mchezaji asiyeyajua hulazimika kubadilisha vigae na kupoteza zamu nzima bila ya alama.

Kisha nikauliza ni yapi kati yake yanayopatikana kwa urahisi. Vigae vitupu nimeviacha kando, na nimelinganisha maneno ya urefu mmoja tu, maana ndiyo yanayoweza kulinganishwa kwa haki. N ziko 6, T ziko 6 na H ziko 2, kwa hiyo kuna njia 72 za kuvipata vigae vya NTH. PST ina njia 48, GRR ina 45, BRR ina 30, na TSK na PHT zina 24 kila moja. CWM, ambayo kila mtu huitaja anapotaka kuonyesha ujuzi wa maneno yasiyo na irabu, ina njia 8 tu. SHH ina 4 na HMM ina 2. Orodha niliyoanza nayo nilikuwa nimeipanga kwa alfabeti. Baada ya hesabu hii niliipanga upya kwa wingi wa njia, na NTH ikapanda hadi juu.

Mpangilio huo niliuvunja mahali pamoja kwa makusudi. Miongoni mwa maneno ya herufi nne, PSST ina njia 72, zaidi ya CWMS yenye 32, lakini nimeiweka chini kabisa kwa sababu inateketeza S mbili. S ziko nne tu katika mfuko mzima, na kila moja inaweza kurefusha neno lililokwisha kuwekwa ubaoni na kufungua njia ya neno jipya. Kutumia mbili kwa alama 6 ni matumizi mabaya, isipokuwa mchezo unaelekea ukingoni.

Maneno marefu nayo yanavutia macho kuliko yanavyosaidia. K ni moja tu, hivyo TSKTSK haiwezekani bila ya kigae kitupu, na kwa kuwa kigae kitupu hakina alama, neno zima linabaki na alama 9. ZZZ inadai vigae vitupu vyote viwili kwa alama 10, na sioni mazingira ambayo ningeshauri hilo. RHYTHMS ingekamilisha vigae saba na kuleta zawadi ya alama 50, lakini nafasi ya kuichota yote kwa mara moja mwanzoni mwa mchezo ni moja katika zaidi ya milioni 27. Nimeyaandika yote, nayajua, na siyategemei.

Kukariri na kutumia

Kwa mazoezi ninatumia kadi ndogo. Upande mmoja naandika herufi zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, upande wa pili naandika neno: HNT kwa NTH, CMW kwa CWM, KST kwa TSK, CHRTW kwa CRWTH. Faida yake ni kwamba ukizipanga herufi za kibaoni kwa alfabeti, jicho linakutana na sura ile ile iliyo kwenye kadi. Kadi za herufi tatu sasa nazitambua bila kusita. Za herufi tano bado zinanichukua muda, hasa PHPHT, ambayo inadai P zote mbili na H zote mbili za mfuko.

Kwenye ubao wenyewe, faida kubwa nimeiona katika kuweka neno sambamba na jingine. Chukua mfano wa neno MAKE lililolala ubaoni, na mstari ulio juu yake uko wazi. Ukiweka NTH katika mstari huo, H ikae juu ya M, umepata NTH kwa alama 6 na HM kwa alama 7, jumla 13 hata kabla ya kuhesabu miraba ya ubao inayozidisha alama, na umeondoa konsonanti tatu kibaoni. Vivyo hivyo S inayokaa juu ya H hutoa SH. HM inaweza baadaye kugeuzwa kuwa OHM au HMM, kwa hiyo ni lazima kuangalia kwanza kama mpinzani atakuwa na mraba mzuri wa kuitumia nafasi hiyo. Maneno ya herufi mbili ya Collins yanaongeza uwanja: CH, ST, KY, NY na FY zote zinakubalika, na ST inayotanguliwa na P hutoa PST.

Linaloendelea sasa

Asilimia 10.6 ile ya mchoto wenye irabu moja ndiyo inayonipeleka mbele, kwa sababu ni kubwa zaidi ya mara tano kuliko ile ya kukosa irabu kabisa, na ndani yake mna maneno ya herufi saba yanayoleta zawadi ya alama 50. Nimeanza kukusanya: STRETCH, SCRATCH, SPLOTCH, BORSCHT, SCRUNCH. Tayari inaonekana kwamba S, C na H zinajirudia karibu kila mahali, na kwamba TCH ya mwisho ndiyo ya kutafutwa kwanza. Nitayapanga haya pia kwa wingi wa njia, nikianza na yale yasiyohitaji C mbili, kwa kuwa mfuko mzima una C mbili tu na mara nyingi moja huwa imeshawekwa ubaoni.