"Wamesema sawa"

Ofisi imehama, shemeji katoka hospitali, na bado wiki nzima kinachonizunguka kichwani ni maneno ya yule kitinda mimba wa dada.

"Mama mdogo, chuo nimeshamalizana nao. Wamesema sawa, niahirishe mwaka mmoja, nianze mwakani."

"Nani kasema sawa?"

"Yule aliyepokea simu."

Nikacheka. Akanyamaza, mazungumzo yakaishia hapo.

Badala ya kucheka ningemwambia kwamba sawa ya simu haimshikii mtu nafasi. Kuahirisha huombwa kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa na chuo, na jibu litaje kozi na mwaka mpya wa kuanza. Mkopo au ufadhili unaombewa kivyake: chuo kinaweza kukubali, mfadhili akagoma, na mtu akaja kujua siku ya kulipa ada. Masharti nayo yasomwe hadi chini, maana vyuo vingine hufuta nafasi ukijisajili shahada kwingine mwaka huohuo.

Yule aliyepokea simu! Na mimi nikacheka.

Jana usiku kanitumia picha ya karatasi aliyoipiga rula, visanduku 52, kimoja kwa kila wiki ya mwaka huo wa kusubiri chuo. Wiki 16 kazi ya mshahara, 20 kujitolea nje ya nchi, 6 tupu, 10 kurudia hesabu. Nimeitazama mara nne. Kazi imetangulia, ndivyo inavyotakiwa, kwani akiba ndiyo itakayobeba hayo mengine. Anayeanza na safari hukatika katikati. Na zile 6 tupu, nani kamfundisha? Viza huchelewa, watu huugua.

Nimemrudishia na nyongeza. Pasipoti ibaki na angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi, nchi nyingi hudai hivyo. Huko kwa kujitolea aulize kazi yenyewe ni ipi, saa ngapi kwa siku, msimamizi nani, na ada anayotozwa inalipia nini. Wakimjibu "utacheza na yatima" tu, aachane nao. Watoto wanaozoeshwa mgeni mpya kila wiki mbili huumia kila anapoondoka. Na hesabu asizilimbikize mwishoni: nusu saa, mara tatu kwa wiki, tangu wiki ya kwanza. Uhandisi huanza na kalkulasi, na mhadhiri hamsubiri aliyesahau aljebra.

Pembeni ya karatasi, kwa penseli: "Barua ya chuo, Jumatatu." Kicheko changu hakukitaja.

Jino la kushoto limeanza tena, lilelile lililozibwa.