Mkopo Ambao Haukununua Kitu

Juzi jioni mwanangu mkubwa alikuwa akifanya hesabu za riba. Aliweka kalamu chini, akaniuliza swali ambalo halikuwamo kitabuni: "Mama, huyu mtu amekopa 100 na anatakiwa arudishe 120. Hiyo 20 ataitoa wapi, wakati alikopa kwa sababu hana?" Nilimjibu kwamba ataifanyia kazi ile 100 mpaka izae. Jibu hilo lilimtosha, akaendelea na hesabu zake. Mimi halikunitosha, kwa kuwa najua mahali pengine inakotoka ile 20, na nilipafahamu usiku ule niliokaa na Dada mezani kwake, mwaka uliofuata baada ya baba kufariki.

Yaliyotangulia nitayapitia haraka. Maradhi ya baba yalikuwa marefu, na mkopo wa kwanza niliuchukua kwa ajili ya matibabu yake. Hata leo nikirudishwa pale pale ningeuchukua tena. Iliyofuata ilikuja mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake. Nilikuwa na kazi na mshahara, na sikuwahi kuchelewesha rejesho. Wakopeshaji walinitumia ujumbe wa pongezi na kunipandishia kiwango. Ndugu waliponiomba msaada niliwaambia wasubiri kidogo, kisha nikautafuta, na mahali pa kuutafuta palikuwa ni kukopa. Kwa macho ya mtu wa nje nilikuwa mtu wa kutegemewa. Dada, ambaye maisha yake yote ya kazi ameyatumia katika uhasibu, ndiye aliyetazama kitu kingine: aliona kwamba kila mshahara ulipoingia nilikuwa na furaha kwa siku moja tu.

Usiku ule alifungua daftari la kawaida, akaligeuza likalala kwa upana, akapiga mistari kwa rula na penseli hadi ukurasa ukawa na safu tano. Juu ya kila safu aliandika kwa mwandiko wake ule wa kusimama wima: unadaiwa na nani, ulichukua kiasi gani, kimebaki kiasi gani, riba ni ngapi, na ya mwisho, pesa hiyo ilifanya nini. Nilimsogezea bahasha yangu ya karatasi pamoja na simu. Akavirudisha vyote upande wangu. "Wewe soma kwa sauti, mimi niandike," alisema. "Nikisoma mwenyewe, mdogo wangu, yatakuwa madeni yangu."

Nikaanza kusoma. Kusoma deni kwa sauti ni kazi nzito kuliko kulijua. Kwa miezi mingi nilikuwa nimeyajua yote, lakini niliyajua moja moja, kila moja kwa tarehe yake ya rejesho, na sikuwahi kuyasikia yakifuatana. Safu ya mwisho haikunipa taabu mwanzoni. Hospitali. Ada. Paa. Kitanda cha watoto. Dada aliandika bila kunihukumu na bila kunyanyua kichwa, na kila jibu lilinipa nafuu, kana kwamba vitu hivyo vilikuwa vimekuja kunitetea.

Ndipo tukafika kwenye mkopo mmoja wa simu, wala haukuwa mkubwa. Nilisoma jina la mkopeshaji, kiasi, salio na riba, nikanyamaza.

"Ulifanya nini?" aliuliza Dada.

Nikamwambia anisubiri. Nilitazama tarehe. Nilijaribu kuukumbuka mwezi ule: ni nani aliyeumwa, ni nini kilichoharibika, ni nani aliyesafiri. Sikupata kitu. Dada alishika penseli juu ya kile kisanduku kitupu, hakusema neno, na wala hakuusogeza mkono kwenda kwenye mstari unaofuata. Nikafungua taarifa ya akaunti na kuishusha kwa kidole hadi siku ile. Pesa iliingia asubuhi. Kabla ya saa sita mchana ilikuwa imetoka yote, imekwenda kwa mkopeshaji mwingine ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa mistari michache juu katika ukurasa ule ule.

"Ni rejesho," nilisema.

"Rejesho la nini?"

"La ule mkopo wa juu."

Tukaurudia ule wa juu. Nusu yake ilikuwa imetengeneza paa kweli, kama nilivyosema; nusu ya pili ilikuwa imekwenda kulipa riba ya mkopo ulioutangulia. Dada alipiga mshale mwembamba kutoka mstari mmoja kwenda mwingine, kisha mshale mwingine. Katika kile kisanduku aliandika maneno matatu, na aliyaandika polepole: haukununua kitu chochote. Kisha akafuta lile la mwisho kwa kifutio, maana kisanduku kilikuwa kidogo. Ninakumbuka vumbi la kile kifutio juu ya karatasi na jinsi alivyolipuliza. Sikulia. Nilihisi kitu kilicho karibu zaidi na hasira, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nimeamka alfajiri kwenda kazini kwa ajili ya mkopo ule, nao haukuwa umeleta nyumbani hata kijiko.

Watu husema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ninauheshimu msemo huo, na anayedaiwa akajificha anastahili kuambiwa hivyo. Lakini mimi nilikuwa nikilipa, kwa wakati, bila kukosa, na nilikuwa nikizama. Kwa mtu anayelipa kwa kukopa, kulipa ndiyo njia deni linayojilisha. Kilichopaswa kukoma kwanza kilikuwa ni kukopa, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu lilimaanisha kwamba mwezi ujao, na mwingine baada yake, pengo lingeonekana.

Dada alinionyesha ukubwa wa pengo hilo kwa kanuni ambayo wahasibu hurithishana, na ambayo imo katika kitabu cha hesabu cha Luca Pacioli kilichochapwa Venice mwaka 1494. Chukua 72, uigawanye kwa asilimia ya riba, utapata kwa makadirio muda ambao deni lisiloguswa litajizidisha mara mbili. Riba ya asilimia 6 kwa mwezi ilikuwa imeandikwa kwenye ujumbe wangu kwa herufi ndogo, na kwa jinsi ilivyoandikwa ilionekana ndogo kweli. 72 gawanya kwa 6 ni 12. Mwaka mmoja.

Mkopo mwingine ulikuwa umetajwa kuwa wa asilimia 10 kwa mwaka, na huo nilikuwa nikiuona kama rafiki. Dada aliniuliza iwapo riba ilihesabiwa kwa salio linalopungua au kwa kiasi chote cha mwanzo. Ilihesabiwa kwa kiasi chote. Mwezi wa kwanza unayo pesa yote mkononi, akanieleza, lakini mwezi wa kumi na mbili umebakiwa na sehemu moja ya kumi na mbili tu, na bado unalipia riba kana kwamba unayo yote. Ukipima riba hiyo dhidi ya pesa uliyo nayo kweli mwezi kwa mwezi, ile asilimia 10 ni karibu 18. Nilimwuliza kwa nini hakuna aliyenieleza. Alisema mkataba ulieleza, na akanionyesha kifungu. Bado naamini kwamba jambo zito kiasi hicho linapaswa kusemwa kwa mdomo, kwa lugha ya mkopaji, kabla kalamu haijashikwa.

Miezi iliyofuata haina mengi ya kusimulia, kwa kuwa ilifanana. Nilifuta programu za mikopo kwenye simu. Matumizi ya kila siku niliyarudisha kwenye noti na sarafu, kwa ushauri wa Dada, na baadaye nilisoma kwamba ushauri huo una msingi: mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha majaribio ya mnada ambamo watu walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hadi mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu, kwa kitu kile kile. Mkono unaohesabu noti huhisi kinachotoka. Daftari nalo lilibaki. Dada aliniambia kuhusu Hani Motoko, mwandishi wa habari wa Japani ambaye mwaka 1904 alichapisha daftari la hesabu za nyumbani, na kwamba watu wa huko bado wanalitumia la namna hiyo, wakiandika makadirio kabla mwezi haujaanza na matumizi halisi unapokwisha. Nilichopenda ni mpangilio huo wa kutangulia. Zamani niliandika matumizi kama mtu anayeandika taarifa ya ajali. Sasa niliandika kabla, na nilipotaka kununua kitu nilijiuliza kinaingia katika mstari gani.

Tulibishana jambo moja tu, nalo lilikuwa ni nani alipwe kwanza. Kwa hesabu tupu jibu halina ubishi: ulipe kiwango cha chini kila mahali, na kila ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, kwa maana hilo ndilo linalokula haraka. Wapo wanaoshauri uanze na deni dogo ili upate moyo. Mimi nilikuwa na sababu tofauti na hizo mbili. Katika orodha ile palikuwa na deni la rafiki yangu wa tangu shuleni, lisilo na riba hata kidogo, na kwa ajili ya deni hilo nilikuwa nimeacha kupokea simu zake. Dada aliliweka mwisho. Nilikataa. Nilimwambia kwamba deni lile lilikuwa limenigharimu kuliko yote, ila gharama yake haikuwa na safu katika daftari. Tuliafikiana hivi: mikopo ya riba kubwa ipewe ziada, na rafiki apewe kiasi kidogo kila mwezi pamoja na simu ya kumweleza ukweli. Simu hiyo niliipiga usiku ule ule, Dada akiwa ameketi mbele yangu. Ilikuwa fupi. Alisema, "Mimi nilidhani nimekukosea," na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Kuwaambia ndugu "kwa sasa sina" kulichukua muda mrefu zaidi kuliko kumaliza madeni yenyewe. Wapo walioelewa. Yupo mmoja ambaye hadi leo hajaelewa, na ninaposalimiana naye ninahisi hivyo. Nilikuwa nimeamini kwamba kutoa ni kutoa, bila kujali kinatoka wapi, na sidhani kama imani hiyo ilikuwa mbaya moyoni. Lakini nilichokuwa nikiwapa kilikuwa cha mkopeshaji, na bei yake ilikuwa ikilipwa na watoto wangu bila kuulizwa.

Madeni yaliisha, si kwa siku ya sherehe, bali kwa mwezi ambao safu ya salio haikuwa na kitu cha kuandikwa. Nilitarajia kwamba ningekuwa mtu mwepesi. Kwa kiasi fulani nimekuwa. Hata hivyo, ninapowanunulia watoto viatu wanavyovihitaji, kwa pesa iliyopo na iliyopangwa, bado kuna kitu kinachonikaza kifuani kabla sijatoa noti, na sijui kama ni nidhamu niliyojifunza au ni hofu iliyobaki. Sijui pia kama watoto wangu wanajifunza ile ya kwanza au ile ya pili.

Mwezi uliopita Dada alikuja na hesabu mpya. Anataka nikope tena, mara hii kwa ajili ya nyumba, kwa salio linalopungua, kwa rejesho lililo chini ya kodi ninayolipa sasa. Amelijaza lile daftari ukurasa mzima, na katika safu ya mwisho, ile ya pesa itafanya nini, jibu lipo na linaeleweka. Nimeipitia hesabu yake kwa kikokotoo, mstari kwa mstari, na sijaona kasoro. Nimemwomba anipe muda mpaka mwisho wa mwaka. Yeye anasema kusubiri nako kuna gharama yake, na kodi ya mwezi huu nimekwisha kuilipa.