Kadi za manila kutoka Fizikia hadi Sheria

Nafundisha sheria ya mikataba katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania. Darasa ni la mwaka wa kwanza, wale ambao ukichelewa kidogo unakaa kwenye ngazi za ukumbi. Mbinu iliyonisaidia zaidi kulimudi nimeiiba kwa watu wa fizikia, wala sikuipata kwenye warsha. Warsha tumehudhuria za kutosha: slaidi, "ufundishaji shirikishi" kila baada ya sentensi mbili, posho, picha ya pamoja. Jumatatu kila mtu anarudi kwenye notsi zake zilezile.

Nilisikia wanafunzi wangu wakimsifia mwalimu wa wenzao wa bweni moja. Nikamfuata, nikaomba nikae nyuma ya darasa lake. "Karibu sana, Dokta," akasema, "ila usinipelekee ripoti kwa mkuu wa idara." Alicheka, lakini hakuwa anatania.

Anaandika swali lenye majibu manne, anawapa dakika moja ya kimya, kisha: "Nyanyua!" Ukumbi mzima unanyanyua vipande vya manila: nyekundu A, njano B, kijani C, bluu D. Anakadiria kwa macho. Waliopatia wasipofika asilimia 30, anafundisha upya. Wakizidi 70, anasonga mbele. Wakiwa katikati, kila mtu anatafuta jirani mwenye rangi tofauti na kumshawishi, halafu kadi zinanyanyuliwa tena. Mbinu yenyewe ni ya Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliyeanza kuitumia mwaka 1991 baada ya kubaini kwamba wanafunzi wake wanakokotoa vizuri tu, lakini dhana za msingi za Newton hazijawaingia. Wenye fedha hununua vitufe vya kielektroniki. Manila inatosha.

Kilichonishika ni zile dakika za kushawishiana, maana ukumbi mzima ulihamia Kiswahili. Tunafundisha kwa Kiingereza na mtihani ni kwa Kiingereza, lakini kijana aliyekaa mbele yangu alimwambia mwenzake, "We, gari likikata kona kwa spidi ileile, si limebadilisha uelekeo? Basi kuna kani hapo." Yule mwenzake akashusha nyekundu, akanyanyua kijani.

Kazi ngumu ilikuwa kutunga maswali ya kwangu. Nilianza na hili: mteja wa supamaketi anachukua mafuta ya kula yenye bei yake rafuni, anaweka kikapuni, anakwenda kaunta. Mkataba umefungwa wakati gani? Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilishalijibu mwaka 1953 katika kesi ya Pharmaceutical Society dhidi ya Boots: bidhaa iliyoko rafuni ni mwaliko tu, mteja ndiye anayetoa pendekezo pale kaunta, na keshia ndiye anayekubali. Ukumbi ukajaa njano, kwamba kikishaingia kikapuni ni chako. Kwenye mjadala binti mmoja akauliza safu yake, "Kwa hiyo nikikirudisha rafuni nimevunja mkataba?" Hoja hiyohiyo ndiyo iliyowasumbua majaji, naye kesi alikuwa hajaisoma. Kadi za pili zikawa karibu zote kijani.

Sheria hata hivyo haina jibu moja kila siku. Kwa maswali yenye utata nimebaki na rangi mbili tu, mdai na mdaiwa, na asiyetoa sababu kadi yake haihesabiki. Hilo mwenzangu wa fizikia hakulihitaji, lakini mwalimu wa historia aliyekuja kututembelea ndilo alilolichukua, akaacha mengine yote.

Tulipoanza kualika idara nyingine tulikubaliana mambo machache. Mgeni haji kukagua. Hakuna fomu, na hakuna kitakachoishia kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Baada ya kipindi tunakunywa chai na maandazi, kila mtu kwa hela yake, na mgeni anataja jambo moja atakalolijaribu. Bila posho wengine hawakutokea, na kusema kweli mazungumzo yalinoga zaidi.

Kutoka uuguzi nilipata kitu ambacho sasa sikiachi. Mwanafunzi wao akishamweleza mgonjwa dozi, anamwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe. Mimi namweka mwanafunzi mmoja awe fundi seremala aliyeletewa mkataba, mwingine amweleze kifungu cha malipo, kisha fundi arudie. Hapo ndipo unaona nani alikariri.

Mwenzetu wa uhandisi alijaribu kadi nusu muhula akaziacha. Anasema mada ni nyingi na mitihani haimsubiri, na silabasi yake nimeiona, simlaumu. Kinachonikera mimi ni kwamba saa za kukaa darasani kwa mwenzako hazihesabiwi popote. Ukiomba kupanda cheo unaulizwa machapisho, kwa hiyo vijana wanaosaka uhadhiri mwandamizi tunawaona mara moja, kisha wanarudi kuandika makala zao.